Futi ya Fundi na Kifurushi cha Mama Mkubwa

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Haraka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Mgongo unaendeleaje, na yule mwenzako wa chumba anayekoroma, bado yupo au mmemhamishia stoo? Watoto wako ni wazima. Mkubwa ameng'oka jino, na kila mteja anayeingia hapa lazima aonyeshwe pengo kabla hajasema shida yake. Mimi macho yananigomea kidogo nikitunga uzi kwenye sindano, lakini miguu bado inakanyaga cherehani vizuri. Tunamshukuru Mungu.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Unasema Mama Mkubwa atafutiwe pa kwenda kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mkeo anakwisha na wewe uko mbali huwezi kumlinda. Sikulaumu. Nyumba ni yako na habari zilizokufikia zilikuwa za kutisha. Ila nakuomba, kwa heshima yote ya mimi kukubeba mgongoni ulipokuwa na pua za kamasi, usome barua hii mpaka mwisho. Habari hizo chanzo chake ni mimi dada yako.

Ngoja nianze mwanzo. Unajua kila mwaka nawashonea wanakwaya sare, na wifi yangu ndiye huwa wa kwanza kupimwa. Vipimo vyake viko kwenye daftari langu. Mwaka juzi kifua kilikuwa inchi arobaini na mbili. Mwaka jana arobaini na moja. Mwezi uliopita arobaini. Nyonga nazo zilikuwa arobaini na sita, sasa arobaini na nne. Nami kwa mdomo wangu huu usio na mlango nikamwambia, "Wifi, mbona unakwisha? Nani anakula nyama zako?"

Nilikuwa natania. Mwenzangu hakucheka.

Tangu siku hiyo akaanza kujihesabu. Kichwa kikiuma, ni hicho kitu kinachomla. Akiota ndoto, ni hicho kitu. Halafu macho yake yakamwangukia Mama Mkubwa. Unazijua tabia za mzee wetu. Tangu macho yake yaingie ukungu hawezi tena kushona, lakini humtoi kwenye chumba cha kushonea. Anakaa kwenye kigoda chake, anaokota vipande vinavyoanguka ninapokata nguo, anavipapasa, anavitia kifuani. Jioni unamsikia chumbani kwake akinong'ona peke yake. Na chini ya kitanda chake kuna kifurushi kimefungwa kwa kamba, hataki kisogezwe hata mtu akifagia. Siku moja mkeo alikichungulia. Akaona kipande cha sare yake ya kwaya kimechomoza. Basi, yakaisha. Akaacha kula chakula chochote kilichopita mkononi mwa Mama Mkubwa, akachukua kalamu akakuandikia wewe kwamba analogwa.

Ningependa kukuambia kwamba mimi nilimtetea mzee. Sikumtetea. Mwanamke aliyetulea tangu mama afariki, aliyetukatia nguo zetu za shule kutoka kwenye magauni yake, mimi nikaanza kuficha vipande vya nguo zangu kwenye mfuko wa aproni asije akaviokota! Jumapili naimba kwa sauti kubwa kwamba hakuna aliye na nguvu kama Mungu, nikirudi nyumbani namwogopa bibi kizee ambaye hata ngazi haioni. Naona aibu kuyaandika haya, lakini afadhali uyajue.

Ila unanijua. Chungu kikifunikwa, mimi lazima nifunue. Kilichoanza kuniwasha ni gauni. Wiki ile ile mkeo alivaa sare ya mwaka juzi kwenda mazoezi, ikamkaa sawasawa, haikulegea popote. Nikajiuliza, haya, mtu amepungua inchi mbili, gauni nalo limepunguaje? Nalo linalogwa?

Mchungaji alikuja kufupishiwa joho. Nilimuuliza nikiwa na pini mdomoni ili asijue kuwa sauti inatetemeka: je, mtu anayemwamini Mungu anaweza kuliwa na kitu asichokiona? Akasema mabaya yapo, yeye hawezi kunidanganya kwamba hayapo, ila hajawahi kusikia popote kwamba Mungu anayaomba ruhusa. Kisha akanigeuzia swali. "Wewe fundi, kama unaamini Mungu amekushika, kwa nini huangalii? Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake huchungulia hata kisima."

Mdogo wangu, swali hilo lilinikosesha raha siku mbili nzima. Mimi siku zote nilidhani kuamini ni kufumba macho na kupita haraka. Kumbe inawezekana ni kinyume chake? Wewe unaonaje? Niandikie, maana bado nalitafuna.

Siku ya tatu akaja muoka mikate wa pale kona, analalamika kwamba suruali zake zote zimemkataa. Kweli, ile niliyomshonea mwaka juzi, kifungo na tundu lake vilikuwa vinaangaliana kwa mbali kama watu waliogombana. Nikampima kiuno. Arobaini na tano. Nikafungua daftari nione alikuwa na ngapi. Arobaini na sita! Yaani kitabu changu kinasema mtu huyu amekonda. Nikampima tena, na tena.

"Fundi," akaniambia, "mbona unanizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi?"

Nilikuwa nafunua kurasa nyingine, zile ambazo sikuwahi kuzilinganisha kwa sababu nilikuwa nashughulika na ukurasa wa wifi peke yake. Mchungaji, amepungua. Muuza viatu, amepungua. Wanakwaya wote, sauti ya kwanza mpaka besi, wamepungua. Mimi mwenyewe nimepungua, na wewe unajua mwili wangu haujawahi kupungua tangu nizaliwe. Ikawa kama kuna mchawi, basi amekula kwaya nzima pamoja na mchungaji wao, na muoka mikate anamla huku anamnenepesha.

Hapo ndipo nikaiangalia futi yangu. Unaikumbuka, ile ya kitambaa, ya njano. Watoto wako walikuwa wanaichukua kuchezea, kwa hiyo mwaka juzi nikabuni akili. Kila jioni naitundika kwenye msumari mrefu ukutani, na ncha ya chini naifungia ule mkasi wangu mkubwa wa chuma. Futi inabaki imenyooka, mkasi haupotei, na watoto hawafiki. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Nikaenda mbio kwa seremala na futi mkononi, akatoa yake ya chuma, tukazilaza pamoja juu ya ubao. Inchi arobaini za futi yangu zilifika kwenye arobaini na mbili za chuma. Mkasi umeivuta miaka miwili, imerefuka, kwa hiyo kila ninayempima anatoka mdogo. Seremala alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Utaniuliza, mbona nguo zilikuwa zinawakaa watu? Nami nilijiuliza hivyo hivyo, nikakuna kichwa. Jibu ni kwamba futi ninayompimia mtu ndiyo hiyo hiyo ninayopimia kitambaa chake. Imekosea kwa mtu, imekosea na kwa nguo, vikaenda sawa. Hakuna mteja angeweza kulalamika. Ni daftari peke yake lililokuwa linakumbuka, na daftari nililisoma vibaya.

Nikaazima ile futi ya chuma, nikarudi nyumbani napepea. Nikampima mkeo pale pale jikoni, akiwa na mwiko mkononi. Arobaini na moja na nusu. Amepungua nusu inchi tu tangu mwaka juzi, na hiyo nusu ni ya kususa chakula. Nikamweleza yote, mkasi, msumari, muoka mikate. Alilia kidogo, akacheka kidogo. Halafu akajifuta uso kwa kanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya wifi, futi imesema uongo. Na kile kifurushi je?"

Nami bado nilikuwa nakiogopa! Futi ya chuma ya seremala ilikuwa mkononi mwangu, na nimejibanza nyuma ya mkeo kwa sababu ya furushi la matambara. Nilishangaa sana. Nilidhani nikishajua ukweli hofu itaondoka yenyewe, kumbe ilikuwa imehamia chumba cha pili inatungoja.

Basi tukapiga magoti pale pale jikoni, saa nne ya asubuhi, sufuria iko motoni. Sala yenyewe haikuwa ndefu, unajua mimi si mtu wa kupamba. Nilisema, "Mungu, wewe unakijua kilichomo, sisi hatukijui. Tushike mkono tukaangalie." Mkeo akasema amina kabla sijamaliza. Tukaenda.

Na tulifanya jambo ambalo wiki zote hizo hakuna aliyelifikiria. Tulimuuliza mwenyewe.

"Mama Mkubwa, shikamoo. Tunaomba kuona kilichomo kwenye kifurushi chako."

"Marahaba. Kumbe mna midomo," akasema. "Nilidhani imeshonwa."

Akakivuta mwenyewe, akafungua kamba. Vipande vya nguo, mdogo wangu. Vipande tu, kila kimoja kimekunjwa vizuri. Akatueleza kwamba zamani alikuwa na karatasi ya majina ya watu anaowaombea. Macho yalipokufa, karatasi ikawa haina kazi, na akili nayo siku hizi inamponyoka, anaweza kumsahau mtu wiki nzima. Ndipo akaanza kuokota vipande. Kila mtu ana kitambaa chake. Anakipapasa, anamjua, anamsemea kwa Mungu, anakiweka kando, anachukua kinachofuata. Nilimwona muoka mikate humo, turubai kabisa ya aproni yake. Hata yule jirani aliyetunyang'anya kamba ya kuanikia nguo yumo.

Alifika kwenye kipande cha sare ya kwaya. Akakipapasa pande zote mbili. "Huyu ni mke wa mwanangu," akasema. "Huyu kuna kitu kinamtisha siku hizi. Sijui ni nini, hajaniambia. Kwa hiyo kwake nakaa sana."

Mkeo alianguka mapajani mwake. Sitaandika aliyoyasema, atakuandikia mwenyewe akitaka. Mchana ule alikula mkate aliomegewa kwa mkono wa Mama Mkubwa, akaomba na mwingine.

Mimi nimebaki na maswali yangu. Je, kile kilichokuwa kinatutafuna kilikuwa hakipo? Nadhani kilikuwepo, maana mtu aliacha kula, na mimi nilimwonea mama yangu. Ila tulikitafuta chini ya kitanda kisichokuwa chake. Na wakati wote ule, kila jioni, mtu alikuwa anatutetea chumba cha pili na sisi tunaziba masikio. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko futi. Tulikuwa tumelindwa bila kujua, na ulinzi wenyewe ndio tuliokuwa tunauogopa.

Sasa jambo la mwisho. Chini ya kitanda hicho hicho niliona na begi lake. Limefungwa tayari. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Tangu lini barua ya mwanangu ikaingia nyumba hii nisisomewe? Hii mmeificha. Basi najua imeandikwa nini." Nilimbembeleza alifungue, amekataa. Anasema nyumba ni yako, yeye atangoja mwenye nyumba aseme.

Mkeo anakusalimu sana, watoto wanakusalimu, mwenye pengo anataka umletee kitu cha kutafuna upande mmoja. Seremala anakusalimu, bado anacheka. Mchungaji anakuombea.

Mama Mkubwa naye anakusalimu, na amenituma. Kipande chako kilikuwa kile cha kaki, cha suruali yako ya kwanza ya kazi. Alinipa nikishike. Mdogo wangu, vya watu wote bado ni nguo. Chako kimelika mpaka kimebaki nyuzi, unaona kiganja upande wa pili. Anasema kinakaribia kuisha na wewe bado uko mbali, kwa hiyo anaomba kingine. Usijisumbue kuandika maelezo marefu. Kata kipande kidogo cha shati ulilovaa leo, kitie kwenye bahasha, ukitume upesi kama jina lako. Kikifika, mimi mwenyewe nitalifungua lile begi.

Mungu aliyeziona nyuzi hizo zikilika akulinde mchana na usiku, na hofu isipate pa kukaa kwako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata unapokosea, na hata ninapokukosesha,

Fundi.