Mama, Ulimi Wako Ulikuwa Safi

Mama yangu kipenzi,

Jana jirani yetu hapa Weston, ughaibuni, alikuwa anachemsha maziwa na giligilani. Harufu ilinifikia kwenye korido, nikaingia ndani mbio na kutapika. Mwaka mzima umepita tangu uondoke, na kinyaa hakijanitoka.

Unakumbuka asubuhi zetu? Kabla ya chai ulikuwa unatupanga dirishani, hata mkweo, mume wangu, aliyekuwa anakimbilia zamu ya uwanja wa ndege. “Toa ulimi.” Utando mweupe ulikuwa na maana kwamba chakula cha jana kimeozea tumboni. Ngozi ikipauka na magoti yakilia, upepo umezidi mwilini. Kikohozi na makamasi ni kohozi, basi mtindi marufuku usiku. Kiungulia na jasho ni nyongo iliyopanda. Ndivyo ulivyofundishwa na bibi kule Tabora, ukavuka bahari na elimu hiyo. Kisha ulitukwangua ndimi kwa kile kikwangulio cha shaba, na ule uchafu ukauweka kwenye kijiko tuuone, mayai yakiwa mezani! Nilikuwa nasikia kinyaa, Mama, lakini kile cha kucheka.

Na ulijua mwisho wa ujuzi wako. Macho ya mkweo yalipogeuka manjano hukumpa hata tangawizi. Ulisema, “Hii si yangu. Mpeleke hospitali leo.” Akapona.

Ndiyo maana namchukia yule mganga wa Brampton, mji wa jirani, mwenye makopo ya dawa kwenye chumba chake cha chini ya nyumba. Asubuhi ile uliamka unatoka jasho, kifua kinawaka, taya linauma. Nilitaka kuita ambulensi. Ukanitolea ulimi mbele ya dirisha. “Tazama, safi kabisa. Mtu mgonjwa ana ulimi kama huu?” Lakini hofu niliiona machoni pako, kwa sababu ulivuta waya wa simu ya ukutani mpaka kitandani ukampigia yeye. Hakukuona uso. Hakukushika mkono. Nilitega sikio karibu na lako, nikamsikia akitafuna huku anasema, “Ni nyongo tu hiyo, dada. Kunywa maziwa baridi na giligilani, ulale mpaka mchana.”

“Umesikia?” ukaniambia. Ukanywa. Kikombe kilipokuponyoka niliita ambulensi bila ruhusa yako, ukanikasirikia mpaka mlangoni. Hukurudi tena; madaktari walisema ni moyo.

Kwenye arobaini yako alikuja. Ndiyo, alikuja! Alikula biriani kwa mikono miwili, akacheua mbele ya wazee, akafuta vidole kwenye kitambaa chako cha meza, kile ulichokidarizi mwenyewe. Kisha akashika mkono wa shangazi, aliyekuwa analalamika kifua, na kuanza, “Dada, hii ni nyongo tu…”

Nilisimama mbele yake. Nikasema kwa sauti yako, “Mzee, toa ulimi.”

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Shangazi akaondoa mkono wake polepole, akasema, “Utoe, ndugu. Sisi tumezoea.”

Akautoa. Mama, ulikuwa mweupe mpaka shinani, mnene kama mtindi uliosahauliwa, na harufu yake ikatufikia sote. Kwa elimu yako mwenyewe, mtu yule alikuwa ameoza ndani. Na hakuwahi kujitazama kwenye kioo. Nilimfungulia mlango akatoka na viatu mkononi. Asubuhi yake nikampeleka shangazi hospitali, na yuko hai, anakusalimu.

Lakini nikikaa peke yangu hasira inanirudia upya. Kikwangulio chako bado kinaning’inia jikoni. Nakitumia kila siku, na kijiko pia, siwezi kuacha. Ila natazama dirishani na kuwaza jambo moja tu. Ulimi ule wa mtindi unatembea Brampton na kula biriani. Wako ulikuwa wa waridi, safi kuliko wa kila mtu nyumbani, na ndio tuliouzika.

Lala salama, Mama.

Bintiyo, niliyekutolea ulimi kila asubuhi