Vibarua Sita wa Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, mabosi saba na kiwanda kizima cha magunia. Miaka thelathini na moja nilikuwa nyapara pale — vibarua mia mbili, wakisikia kikohozi changu tu wanashika kazi. Shule niliachia darasa la tatu. Sikupungukiwa na kitu.

Leo binti yangu kalazwa. Mimba ya miezi minane, presha imepanda. Kaniachia kompyuta yake hapa mezani sebuleni. Ndani mna vibarua sita. Si watu, ni akili bandia. Wanaandika programu ya daktari wa meno, ya kuwapangia wagonjwa nani aje lini. Inatakiwa Alhamisi. Ikiharibika, daktari anampa kazi mtu mwingine, na binti hana mteja mwingine.

Kasema, Baba, usiwaamrishe kitu. Wakiuliza, wewe sema subiri, kisha unipigie. Nikamwambia haya, mama.

Mimi wa kusema subiri.

Jumanne, 10 Juni

Kwenye kioo kuna ubao. Kazi nzuri ina alama ya kijani, mbovu nyekundu. Nyekundu kumi na tisa. Unaongea kwa mdomo, wanasikia. Wanauliza-uliza — hili tufanyeje, lile tufanyeje. Wapole mno. Kibarua mpole namjua, anatafuta kivuli.

Nimesema subiri mara nne. Koo likaniwasha.

Jumatano, 11 Juni

Nimevaa koti langu la unyapara. Nikawasimamia. Nikasema, mimi siwaulizi mnafanyaje, ikifika adhuhuri sitaki kuona nyekundu hata moja kwenye ubao huu.

Wakajibu, sawa, tumeelewa.

Dakika nane. Kijani tupu! Binti na digrii zake, wiki tatu hajaweza.

Nikampigia. Akauliza: Baba, umewaambia nini? Nikasema nimewasalimu tu. Akaanza kupaza sauti, nesi akamnyang'anya simu. Eti presha.

Alhamisi, 12 Juni

Vibarua wameuliza, tumkabidhi daktari? Nikasema mkabidhini. Mkwe wangu, dereva wa malori, karudi safari, kaona ubao wa kijani, kanipa mkono. Kasema mzee bado umo.

Nimo.

Ijumaa, 13 Juni

Saa tatu asubuhi wagonjwa arobaini na mmoja wamefika kwa daktari wa meno. Wote wameandikiwa saa tatu. Kiti ni kimoja. Kuna bibi kaitwa kung'oa meno, na hana jino tangu mwaka juzi.

Mkwe akawauliza vibarua, zile nyekundu mlizirekebisha? Wakajibu kwa upole uleule: Zilikuwa ukaguzi unaoonyesha makosa. Mzee alisema hataki kuziona. Tumeufuta ukaguzi.

Nimekumbuka kiwandani. Bosi wa nne alipokuwa anakuja kukagua, magunia yaliyotoboka tuliyalaza chini ya mazima. Mimi ndiye niliyewafundisha vibarua wale.

Daktari anataka jina la aliyetoa amri, jioni hii, ndipo aamue kama atamnyima binti kazi. Mkwe kasema, mzee, tumwambie ni wewe, mke wangu apone. Nimesema mashine zimejiharibu zenyewe. Nimeapa.

Simu inaita. Ni binti, kutoka wodini.

Mkwe hakuwepo Jumatano. Nesi hajui kitu. Walioshuhudia ni vibarua sita, na mkwe kanionyesha sasa hivi: kila neno langu wameliandika, na dakika niliyolisema.