Baba Kaninunulia Inveta Isiyobebwa na Laini Yetu

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono kwa jambo hili, maana kila ninayemweleza ananiambia zawadi haikataliwi, na mimi hii nikiifunga naogopa itamuua mtu.

Kazi yangu ni udobi wa mashine, nina chumba kimoja kirefu chini ya nyumba tunayoishi, mashine za kufulia zimepangwa ukutani na meza ya pasi iko dirishani, na wateja wangu wakubwa ni nyumba za wageni na zahanati wanaoleta mashuka kwa marobota. Umeme ndio unaonimaliza, kwa hiyo mimi na mume wangu tukakubaliana tuweke sola juu ya paa, ile inayounganishwa na laini ya shirika la umeme, mchana mashine zitumie jua na umeme unaobaki urudi kwenye laini. Nikaenda kuomba kibali, wakaniambia bila kunizungusha kwamba laini yetu ni ya fezi moja, transfoma ya mtaa ni ndogo na majirani wengine wameshaunganisha za kwao, kwa hiyo inveta yangu, yaani ile mashine ya ukutani inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, isizidi kilowati tano, iwe katika zile walizozipima wao, na iweze kuzuiwa isirudishe kwenye laini zaidi ya walichoniruhusu. Fundi wangu wa sola, mama mmoja mtulivu asiyependa maneno mengi, akanichagulia inayofaa, nikaridhika.

Hapo ndipo baba yangu alipoingia. Baba alikuwa mkandarasi wa majengo kabla ya kustaafu, na watu humwita Mzee Zege kwa sababu kwake hakuna kitu kilichowahi kuwa imara vya kutosha. Aliposikia kilowati tano akacheka, akasema binti yake hawezi kufungiwa kitoto cha inveta, na haikupita wiki akaja na gari, akashusha boksi kubwa mbele ya mama, shangazi zangu na wateja waliokuwa wakisubiri mashuka, kumbe ni inveta ya kilowati kumi na mbili, na katika zile zilizopimwa na shirika haimo. Shangazi wakapiga vigelegele. Mimi nikaipokea kwa mikono miwili nikashukuru, ningefanya nini?

Fundi wangu alipoiona akakataa kuifunga. Baba hakubishana naye, akamleta mtu wake aliyekuwa akimfungia taa kwenye majengo, wakaiunganisha mchana mmoja na paneli walizozilaza paani kwa muda, wakisema ni kujaribu tu. Bahati mbaya, au labda ni bahati njema, wakati inafanya kazi shirika likakata umeme wa laini yetu kwa matengenezo, na mtaa ukanyamaza kama kawaida, lakini nilipotazama nje nikaona feni ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara bado inazunguka. Baba akafurahi sana, akasema mnaona, wao wakikata sisi tunawaka, na jirani tunamgawia. Mimi nilikuwa nimeshatazama mbele zaidi. Kulikuwa na gari la shirika, na mtu mwenye mkanda kiunoni alikuwa anamalizia kupanda nguzo. Mshauri, sijui nilifikaje kwenye swichi kuu, najua tu niliishusha.

Jioni fundi wangu akanieleza kwamba inveta nzuri laini ikifa nayo hufa hapo hapo, na hii ya baba ilikuwa inaulisha waya wa mtaa kwa kinyumenyume. Nilipomwambia baba, akasema kasoro hiyo itarekebishwa, na kwamba mkaguzi wa shirika atakapokuja kuipitisha sola yetu tufunge kadogo ka kuazima, akishaondoka tuirudishe kubwa ukutani. Nikamwomba mume wangu anisaidie kumkatalia, akanijibu kwamba kumkatalia baba mkwe zawadi yake ni sawa na kuambiwa avue nguo sokoni. Mama ananiambia nimsitiri mzee. Nilipojaribu mwenyewe kugusia habari ya kuirudisha dukani, baba akanikatiza akasema, "Ukilirudisha boksi hilo, umenirudisha na mimi."

Sitaki kumdanganya mkaguzi na sitaki ile inveta ukutani kwangu, hilo nimeshaamua na sirudi nyuma. Ninachoshindwa ni namna ya kumwambia baba yangu bila kumpoteza.

Ni mimi, Dobi.

* * *

Binti yangu Dobi,

Pole, na hongera kwa mbio zile za kwenda kwenye swichi. Jibu hili nililituma kwako kwanza, kwa sababu mkaguzi asingesubiri gazeti litoke. Wasomaji wengine nawapa leo.

Nianze kwa kukugombeza. Kibali ulikuwa nacho, masharti uliyajua, boksi likashushwa ukashukuru. Hapo sikulaumu sana, vigelegele vikishapigwa ni nani atasimama aseme havikustahili? Lakini watu waliondoka. Ulikuwa na asubuhi ngapi za kumfuata mzee pembeni kabla hajamleta huyo mfunga taa wake? Badala yake ukamsubiri mumeo akusemee. Mkwe hatumwi kwa mkwe kwenda kukataa zawadi. Mwache avae nguo zake akae nyumbani. Baba ni wako na neno ni lako.

Na mama yako anayesema umsitiri, mwambie kwa upole kwamba kumsitiri mzee ni kumzuia asije akaitwa kueleza kifo cha mtoto wa mwenzake. Hila ya kuazima inveta isikupite hata mawazoni. Mkaguzi ataondoka, kweli. Fundi wa nguzo haondoki, kila siku yuko juu huko akiamini kwamba swichi ikishushwa waya umelala. Utapigaje pasi mashuka ya zahanati wakati wewe peke yako unajua kwamba haujalala?

Sasa fanya hivi. Nenda kwa baba yako asubuhi, peke yako, akiwa ameshakunywa chai. Usiende na fundi. Mama awe mahali anaposikia. Mshukuru tena, maana alichokifanya kilitoka kwenye mapenzi, kisha mkatalie. Usimwambie shirika limekataa, mwambie wewe umekataa. Ukilitaja shirika atatafuta anayemjua huko. Halafu ongea naye kwa lugha ya kazi yake. Muulize, angepewa msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini, angepandisha juu yake ghorofa tatu kwa sababu tu mwenye nyumba anampenda bintiye? Laini yenu ndiyo msingi wenyewe. Huyo mzee anajua mzigo na nguzo kuliko wewe na mimi, ila hakuna aliyemuuliza.

Akikuambia umemrudisha na yeye, usijibu wala usiinuke. Kaa hapo.

Akipoa, mwombe mwende pamoja dukani, na fundi wako awepo, mkabadilishe mchukue ile ya kilowati tano yenye kizuizi. Fundi aulizwe kama mtengenezaji anaruhusu paneli zizidi kidogo uwezo wa inveta, mara nyingi inawezekana, na hapo asubuhi na jioni utapata umeme wa kutosha. Mashine nzito zifanye kazi jua likiwa kali. Baba mpe paa: vyuma, bolti, waya wa kwenda ardhini. Huko aimarishe kadiri moyo wake unavyotaka, hakuna atakayeumia. Kazi ikikua mpaka kilowati tano zikushinde, utaomba laini kubwa ya fezi tatu kama wanavyoomba wengine, mchana kweupe.

Nenda kabla ya mkaguzi. Ukienda baada yake utakuwa unaungama.

* * *

Mshauri,

Nilikwenda. Nilimshukuru, nikamkatalia. Habari ya msingi na ghorofa aliisikiliza huku akitazama dirishani. Aliniambia maneno yale yale, kwamba nimemrudisha, na mimi nikakaa kama ulivyoniagiza. Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, hakusogea.

Mwishowe baba akauliza jambo moja tu, yule mtu wa nguzo siku ile alikuwa amefika wapi. Nikamwambia alikuwa ameshafika juu, ananyoosha mkono. Akaweka kikombe chini. Hakuniomba radhi na wala sikutarajia. Akasema, "Huyo mama fundi wako mwambie aje. Nataka anionyeshe inavyotakiwa kufa."

Dukani walinung'unika kwa kuwa boksi lilishafunguliwa, baba akawanung'unikia zaidi, wakabadilisha. Juu ya paa ameweka vyuma ambavyo fundi anasema vingebeba tangi la maji. Mkaguzi alipokuja akakata laini, inveta ikazimika papo hapo, na baba akamwomba akate tena, kisha tena, mpaka yule mkaguzi akaanza kucheka. Sasa mashine zangu zinafanya kazi na jua, na za kukaushia ninaziwasha kwa zamu. Mume wangu na baba bado wanasalimiana kwa mbali kidogo, hilo litachukua muda wake.

Jana mteja wa nyumba ya wageni alikuja kuchukua mashuka, akaitazama inveta ukutani, akauliza ile kubwa ya siku ile iko wapi. Nikatafuta neno la kumfichia mzee, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye meza ya pasi, akanitangulia.

"Niliirudisha mimi," akasema. "Haikuwa ya laini hii."

Dobi.