Raba ya Msumarini

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na usingizi unaupata. Mimi ni mzima, ila moyo hauna raha.

Teksi ya yule dereva mcheshi anayeniita "Daktari wa Vyuma" imekufa injini. Nilimbadilishia oili na filta Jumanne ya wiki iliyopita. Alhamisi taa ya oili ikawaka, akadhani itazimika yenyewe, akaendelea na safari mpaka injini ikagoma. Nimemwambia filta ilitoka dukani ikiwa mbovu. Akaenda kwa dada muuza spea, ng'ambo ya barabara, wakarushiana maneno mbele za watu.

Eti Baba, filta mbovu inaweza kuua injini? Niandikie mistari miwili kwa mkono wako niwaonyeshe. Hapa bado wapo wanaosema mwanamke na injini wapi na wapi, lakini neno lako hakuna anayelibishia.

Binti yako


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo. Mama yako anasema nalalamika kuliko mtoto anayeota meno.

Ndiyo, filta mbovu inaua injini. Ikiziba, oili haipiti vizuri. Karatasi ya ndani ikichanika, uchafu unapita. Ikivuja, oili inaisha na vyuma vinasagana vikavu. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja nimeona filta mbovu kutoka kiwandani mara mbili tu. Mafundi wabovu niliacha kuhesabu.

Kabla sijaandika hiyo mistari, nijibu. Oili ilivujia wapi? Na raba ya filta ya zamani, ile pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje, iko wapi? Nilikufundisha: filta ikitoka, raba yake itundikwe kwanza msumarini na tarehe yake, ndipo mpya ifungwe. Nenda ukutani ukaitazame.

Baba yako


20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimekwenda posta mara tatu. Karani sasa akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Sitauliza tena habari ya raba. Niambie tu kama unakula.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ninakula. Nisamehe kwa kimya.

Swali lako niliweza kulijibu siku ileile, kwa sababu raba ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipofungua filta baada ya injini kufa, dereva akiwa kando yangu, nilikuta raba mbili zimelaliana. Ya zamani ilibaki imeganda kwenye injini, nami nilikuwa nimefungia mpya juu yake. Ndipo palipovuja. Dereva alikuwa amegeuka, anaongea na simu. Nikaibandua, nikaitia mfukoni, nikasema, "Filta mbovu hii." Sikuona hata ugumu wa kulisema.

Daftari langu la kila siku linasema hivi: "Jumanne, 27 Januari. Teksi. Oili imemwagwa, filta imetoka, mpya imefungwa. Watatu wanasubiri." Nimeandika hata waliokuwa wakisubiri. Raba sikuiandika.

Dada muuza spea ndiye aliyeniletea wateja wangu wa kwanza. Sasa watu wanapita duka lake bila kugeuka, na yeye bado ananipungia mkono kila asubuhi. Wiki iliyopita aliniletea filta tatu. "Mdogo wangu, nikagulie, uniambie kosa langu ni nini." Nikazigeuzageuza kama mtu anayetazama. Nikamwambia sioni.

Raba nimeitia ndani ya bahasha hii. Siwezi kukaa nayo. Usimwambie Mama.

Binti yako


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Raba imefika na imetia doa barua nzima, nusu ya maneno nimeyasoma kwa kukisia. Mama yako aliuliza doa la nini, nikasema mambo ya kazi. Nimemdanganya kwa ajili yako na sitaki kurudia.

Nami ninayo aibu yangu. Kila mahali nimejisifu kwamba binti yangu hakosei, mpaka ukaogopa kukosea. Hilo ni langu. La raba ni lako. Ninakurudishia, maana si mimi ninayepaswa kuiona.

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo wewe na Mama. Goti linaendeleaje?

Nilikwenda dukani jana asubuhi, pamoja na dereva. Palikuwa na wateja wawili. Niliweka raba juu ya kaunta nikaeleza yote. Dereva hakunitania. Aliniita "fundi" tu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Injini nitaiunda upya mimi mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kwamba oili ataitia mtu mwingine.

Dada muuza spea aliuliza jambo moja. "Zile filta tatu, ulipozigeuza, ulikuwa unatazama nini?"

Akanipa karatasi. "Andika ulivyosema, utie sahihi." Ameibandika kwenye kioo cha duka, inatazamana na gereji yangu. Leo watu wanne wameisoma. Wawili waliingia kununua. Mmoja alikuja kuchukua gari lake kwangu kabla sijaligusa.

Raba nimeitundika msumarini, kwenye tarehe yake. Leo asubuhi nilimsalimu yule dada. Aliendelea kupanga maboksi. Kesho nitamsalimu tena.

Barua hii msomee Mama, yote.

Binti yako