Sukari Nyuma ya Pasi

Mama watoto, na wewe binti yangu,

Mkitoka kumsindikiza mkwe hamtanikuta. Nimekwenda kliniki kupimwa damu. Chai sikuigusa, lakini sijanuna. Nimeambiwa niende bila kula. Maharage nimeyazimia moto, hayajaiva. Fundi bomba akija, mwonyesheni bomba la uani.

Kipimo cha jana kimeonyesha tena sukari kwenye mkojo, basi leo mkaniita mwizi wa sukari mbele ya mkwe. Mkwe, jamani! Alikitazama kikombe chake mpaka nikamwonea huruma.

Nikatoka uani kumpigia daktari. Akauliza kama nina dawa mpya. Nikamtajia kile kidonge cha presha kinachonikojoza kutwa. Akasema dawa za aina hiyo huweza kumpandishia mtu sukari kwenye damu, na ikizidi sana hutokea kwenye mkojo. Huenda ndicho, huenda sicho, damu itasema. Amenikataza kukiacha bila ruhusa yake, kwa hiyo msikitupe.

~~Msinibakishie chakula.~~ Nibakishieni. Nimechoka, na hasira hazishibishi.

Halafu lile kopo la sukari mlilonificha. Liko kabatini, nyuma ya pasi. Sasa mashati yangu ya kazini nani huyapiga pasi kila asubuhi? Wiki tatu nachukua pasi, narudisha pasi, na kopo sijaligusa.

Baba,
mwizi wenu