Tochi Nimeiongeza Mara Mbili, Baba Bado Anasema Mwanga Hautoshi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana najua jambo lenyewe linaanza kama mchezo wa watu wazima wasio na kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke, kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi maofisini, na Jumamosi mchana huwa nakwenda kwa rafiki yangu mmoja anayefundisha fizikia, sote tunamwita Mwalimu, hata mkewe, na hapo anatukuta mama mmoja anayefufua betri za kompyuta, tunamwita Mama Betri, na sisi watatu tuna ugonjwa mmoja tu, nao ni tochi. Sisemi tochi za kutafutia kandambili chini ya kitanda, nasema zile ndogo za LED, urefu wa kidole, ambazo ukiziwasha chumbani ukuta wa mbele unageuka mweupe. Tunazifungua, tunabadilisha kitaa cha ndani, tunalehemu waya wa shaba kwenye springi ili umeme upite bila kukwama, tunaweka kibati cha shaba chini ya kitaa ili joto lipate pa kwenda, halafu tunazipima kwenye stoo ya Mwalimu isiyo na dirisha, ndani ya boksi la povu tulilolipaka rangi nyeupe, tundu moja la tochi na tundu jingine la kipima mwanga, na Mwalimu anaandika namba na tarehe kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni. Tunaweza kubishana saa nzima juu ya nyongeza ndogo ambayo jicho la binadamu haliwezi hata kuitambua. Mke wangu anasema bora hili kuliko ulevi, ingawa kuna siku husema hana uhakika.

Sasa baba yangu ni fundi saa, ana miaka sabini na miwili, anaishi nasi tangu mama alipofariki, na meza yake ya kazi iko chini ya ngazi kwenye jengo la maduka, mahali ambapo jua halijawahi kufika, na mwaka jana alianza kulalamika kwamba taa yake ya mezani ni dhaifu, nami nikaona hapo ndipo ugonjwa wangu utakapofaa kitu, nikamtengenezea tochi moja ndogo nikaifunga kwenye mkono wa chuma unaopinda, ili aielekeze anapotaka. Kwenye boksi ilisoma lumeni mia tisa, hicho ndicho kipimo chetu cha mwanga. Baba aliiwasha, akaangalia ndani ya saa ya mteja, akacheka peke yake, akasema anaona hadi meno ya gurudumu dogo kabisa. Siku hiyo nilitembea kifua mbele, mshauri, sikufichi.

Baada ya miezi minne akaniambia mwanga umepungua. Nikaichukua, nikaipeleka kwa Mwalimu, tukaipima, ikasoma mia nane na tisini, yaani iko vilevile, na mimi nikasema labda boksi limechafuka au risasi yangu ya kulehemu haikushika vizuri, tukalipaka boksi rangi upya, nikaifungua tochi, nikaweka kitaa chenye nguvu zaidi, ikafika elfu moja na mia nne, tukapongezana. Baba akafurahi. Miezi mitano ikapita, akasema tena imefifia, nikaipima, namba haijashuka, lakini sikutaka kuisikiliza namba, nikabadilisha betri na kitaa kwa pamoja, ikafika elfu mbili na mia moja, ikawa moto kiasi kwamba ilibidi niizungushie ngozi ili isimuunguze vidole, na Mwalimu akasema tochi ya ukubwa ule hajawahi kuona ikifika hapo, na nakiri kwamba wiki ile niliwaza zaidi ile namba kuliko nilivyomuwaza baba.

Mwezi uliopita baba akaniambia tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, kwamba mwanga hautoshi.

Nikaipeleka Jumamosi. Ikasoma elfu mbili na themanini. Nikaanza kutafuta bisibisi niifungue, na Mama Betri akanishika mkono. Akasema, "Hii tochi ni nzima. Imekuja hapa mara tatu, na mara tatu ni nzima. Kamwangalie anayeitumia." Mwalimu alikuwa ameshalifunga daftari.

Mshauri, hapo ndipo mambo yote yalinijia kwa pamoja, kwamba baba siku hizi anagonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni, kwamba kibano chake huanguka kila mara kikiwa pembeni mwa meza na yeye hukilaani kibano, kwamba mke wangu bila kusema amekihamisha kigoda cha ukumbini na kikombe cha chai siku hizi humwekea mkononi badala ya mezani, kwamba kuna mteja alirudisha saa akasema ina skrubu iliyolegea inalialia ndani na baba akagombana naye, yeye ambaye hakuwa mgomvi. Hata baba mkubwa, kaka yake, miaka yake ya mwisho alikuwa akishikwa mkono hadi msalani, ila sisi tulisema ni uzee.

Nilirudi na ile tochi bila kuigusa hata skrubu moja. Nikaifunga mahali pake, nikamwambia baba nimeiongeza kidogo. Aliiwasha, akaielekeza kwenye saa iliyokuwa wazi mbele yake, halafu akasema, "Hapo sasa. Umeiweza, mwanangu." Nikaenda kukaa kwenye ngazi, juu ya kichwa chake, nikalia, watu wananipita na mifuko yao.

Tangu hapo ni wiki tatu. Mke wangu anasema nimwambie mimi kwa sababu ni baba yangu, nami kila asubuhi namsindikiza hadi mezani kwake na naishia kuzungumzia mvua, kwa sababu ile meza ndiyo kitu pekee alichobaki nacho, na nikimwambia macho yake yanakwisha ni kama nimemnyang'anya mimi. Najiuliza, nimwache afanye kazi kwa amani hadi mwenyewe aseme? Au kuna taa ya aina nyingine ambayo sisi hatujaijaribu? Naomba unijibu, maana nimechoka kumdanganya na kumwambia ukweli siwezi.

Ni mimi, Mwana wa Fundi Saa

JIBU

Mwana wa Fundi Saa, pole. Pole kwanza, kwa sababu mtu anayekaa kwenye ngazi akalia juu ya kichwa cha baba yake si mtu mbaya, na barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kujimiminia maji, ndipo nikarudi. Sasa nimeshakupa pole, kaa vizuri nikuambie.

Unaniuliza kama ipo taa ambayo hamjaijaribu. Wewe mwanamume, umeandika kurasa mbili ukinionyesha wazi kwamba tatizo si taa, halafu mwishoni unaniuliza taa! Hilo ndilo kosa lenu ninyi watatu na boksi lenu. Mlikuwa na kitu mnachokipenda na mnachokijua kukipima, basi kila shida ikija mnaitumbukiza kwenye lile tundu. Mzee alilalamika, mkapima tochi. Tochi ikasema iko salama, mkapaka boksi rangi. Nimecheka hapo, nisamehe, halafu nikaona aibu kucheka, maana hiyo miezi mliyokuwa mnapongezana ilikuwa miezi ya macho ya mtu. Mama Betri peke yake ndiye aliyekuwa na akili siku ile, na ukimaliza kusoma hapa nenda ukamshukuru.

Mimi si daktari wa macho, lakini nilipokuwa naandaa jibu hili nilimuuliza mmoja. Aliniambia kuna maradhi ya macho ambayo hata ukichelewa yanatibika, mtu akafanyiwa upasuaji mdogo akarudi kusoma gazeti. Na kuna mengine yanayoanzia pembeni, polepole, bila maumivu, mtu akawa anagonga milango na kuangusha vitu vya kando huku katikati akiona vizuri, na hayo kile yalichokwisha kuchukua hayarudishi, ila yanaweza kuzuiwa yasichukue kilichobaki. Ni yapi aliyonayo mzee, hakuna anayejua, si mimi wala si wewe, hadi apimwe. Sasa unaelewa kwa nini wiki zako tatu za kuzungumzia mvua zimenikera? Unasema ukimwambia utamnyang'anya meza yake. Ndugu yangu, huenda ni kunyamaza kwako kunakoinyang'anya.

Halafu kuna mstari mmoja umeupita haraka haraka, wa baba mkubwa aliyeshikwa mkono hadi msalani. Daktari niliyemuuliza alisimama kwenye huo kuliko kwingine kote. Baadhi ya maradhi haya hutembea katika ukoo, kwa hiyo ni lazima yasemwe hospitali, na ni lazima na wewe upimwe, kwa sababu una miaka arobaini na mmoja na kazi yako pia ni ya macho. Sikutishi. Nakuambia kwamba kwenye benchi la hospitali mtakaa wawili.

Sasa kuhusu ile "Umeiweza, mwanangu". Nimeirudia mara nyingi. Baba yako amekaa nusu karne akifungua saa na kujua kwa kusikiliza tu kama inachelewa. Umemrudishia kifaa ambacho hukukigusa, anakijua kwa mkono, anakiwasha kila siku, na wewe unaamini hakujua? Labda alijidanganya kwa sababu alitaka sana iwe kweli, hilo linawezekana pia. Lakini mimi nadhani mzee alijua, akaona uso wako, akaamua kukuondolea mzigo. Nyumba yenu ina watu watatu. Mkeo anahamisha vigoda kimyakimya, wewe unarudisha tochi ileile, na mzee anasema asante kwa kitu ambacho hakikufanyika. Wote mnajua, wote mnapendana, na kwa huo upendo mnamwacha mtu apofuke kwa adabu.

Basi fanya hivi. Usimwambie mezani kwake mbele ya wapita njia, wala usimwambie mkiwa mnatembea. Mngoje nyumbani asubuhi kabla hajatoka, mkeo akiwepo, na uanze na kosa lako, si na macho yake. Mwambie, "Ile tochi sikuiongeza, baba, nilikudanganya, kwa sababu haikuwa imepungua." Kisha nyamaza. Mwachie nafasi aseme yeye, na akikasirika mwache akasirike, ana haki, na akisema ni uzee tu mwambie mnakwenda kumsikiliza daktari aseme ni uzee. Usimpeleke kwa muuza miwani. Mpeleke kliniki ya macho, uombe wampime presha ya macho na wampime anaona upana kiasi gani, na daftari la Mwalimu uende nalo, kwa sababu zile tarehe mlizoandika kwa mambo yenu ya ubingwa ndizo zitakazomwonyesha daktari hali imekuwa ikishuka kwa kasi gani. Hadi atakapopimwa, asivuke barabara peke yake, na hilo mwambie waziwazi badala ya kujifanya unapita njia yake.

Meza usiifunge wewe. Hiyo si kazi yako wala ya mkeo, ni yake na daktari wake. Yawezekana ataendelea na saa kubwa na kuacha zile ndogo, yawezekana atafundisha, yawezekana ataacha kabisa na atahuzunika, na wewe utakaa naye katika huzuni hiyo bila kukimbilia bisibisi. Kuna mambo hayaongezwi nguvu. Najua kwa mtu kama wewe hilo ni gumu kulimeza.

Unaogopa uso wake utakavyokuwa ukishamwambia, nimelisoma hilo hata pale usipoliandika. Lakini kumbuka na yeye atakuwa anautazama wako, ajue kama unamwonea huruma au unasimama naye. Usingoje wiki ya nne. Kaa mbele yake, karibu, katikati si pembeni, umwambie wakati bado anaweza kukuona usoni.