Pasi Niliyodhani Ni Baridi

Shoga, acha unachofanya unisome. Nimejiunguza na sikusikia kitu.

Si unajua leo daktari amenichoma sindano ya ganzi, dada wa mazoezi ya viungo aweze kunikunja vidole hivi vilivyokakamaa bila maumivu? Vikakunjika, nikacheka. Yule dada akanionya, “Mpaka jioni mkono huu si wako, usishike cha moto.”

Nikapitia kibandani kumalizia gauni la mteja. Nikaigusa pasi kwa kidole cha mkono huohuo kupima joto, si ndivyo sisi mafundi tulivyozoea? Baridi. Nikakiacha hapohapo nikiisubiri ishike moto.

Ikaja harufu. Nikadhani gauni.

Shoga, ilikuwa nyama yangu.

Sasa giza linaingia na kidole bado kimya. Miezi yote hii nalia kinaniuma. Leo namwomba Mungu kiniume.